Mwezi wa Kuijaribu Thika

Jumatatu, 3 Februari

Maji yamekuja alfajiri. Nimejaza mitungi yote, beseni, ndoo ya kuogea, hata sufuria ya ugali. Ploti nzima ilikuwa uani, wanawake na vilemba vya kulalia, tunasukumana kwenye mfereji.

Nilipomaliza nikavaa viatu vya kazini. Nilikuwa nimefunga kamba za mguu mmoja ndipo nikakumbuka. Kiwanda kilinipa mkono wa kwaheri Ijumaa. Miaka yote hiyo mbele ya mashine za kufuma, na leo sina pa kwenda. Nikakaa kitandani na kiatu kimoja. Mume wangu Barasa akaniangalia, akageukia ukuta. Yeye alistaafu mwaka jana, alikuwa mlinzi wa geti kiwanda cha jirani, na sasa anajiona mzoefu.

Leo mwezi wetu unaanza. Tulipatana hivi: Februari yote tukae Thika kama wastaafu, tuone kama mji huu unatufaa uzeeni. Ukitufaa, tunabaki. Usipotufaa, tunarudi kwao Barasa, Kimilili, kwenye nyumba tuliyojenga, ile ya bati la kijani na madirisha yasiyo na mapazia. Barasa alikubali akiwa mezani. Akiwa anakula hukubali mambo mengi.

Mimi najua ninachotaka. Sijui kama kina akili.

Jumatano, 5 Februari

Mazoezi ya kwaya, kama kila Jumatano. Zamani nilikuwa nafika nimechelewa, na nyuzi kwenye nywele. Leo nimefika kabla ya mwenye ufunguo. Nimemngoja mlangoni kama mgeni.

Pasaka inakuja na nyimbo ni ngumu. Mwalimu Karanja, kijana mwembamba anayetufundisha, anatoa noti kwenye kibodi na kutuangalia kwa huruma. Soprano wanaelea. Besi wananguruma. Sisi alto, sauti ya chini ya wanawake, tuko wachache, na nikikohoa tu wenzangu wanawafuata soprano kama kuku waliomwagiwa mahindi. "Mama Doreen, shikilia hapo," anasema Karanja. Nashikilia.

Nimerudi kwetu mtaa wa Landless kwa miguu nikiimba njia nzima. Nina furaha. Naandika hivyo hivyo ilivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Maonyesho ya michoro, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ghorofa ya tatu. Nimegundua jambo: sanaa ya mji huu iko juu. Wachoraji ghorofa ya tatu. Wapiga ngoma za isukuti ghorofa ya pili, juu ya posho mill ya kusaga unga. Vijana wa maigizo juu kabisa, karibu na matangi ya maji. Wanasema kodi ya juu ni nafuu. Magoti yangu ndiyo yanayolipa tofauti.

Barasa alipanda nyuma yangu akihema. Akasimama mbele ya picha ya mwanamke anayeuza mananasi, akauliza kama yale mananasi yameiva. Msichana mchoraji akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Akamweleza kwa muda mrefu habari za rangi na mwanga, na Barasa akamsikiliza kwa uso ule wa getini, wa mtu anayengoja kuona kitambulisho.

Mimi nilinasa kwenye picha moja. Wanawake wanatoka shifti ya usiku. Hakuna aliyechorwa uso, ni vitambaa vya kichwa tu na mabega. Niliwajua wote. Nilisimama hapo mpaka Barasa akaenda kukaa kwenye ngazi.

Nimeishi hapa tangu nikiwa msichana na sikuwahi kupanda ngazi hizo. Nilikuwa shifti. Nina hasira kidogo, na sijui ni ya nani.

Jumanne, 11 Februari

Joto. Vumbi. Boda boda nusura inigonge pale mtaani Kiganjo, na aliyenipigia kelele ni dereva wake. Hakuna hata benchi moja mjini ya mtu kupumzisha mgongo. Ukitaka kukaa lazima ununue chai. Goti la kushoto limevimba kwa sababu ya zile ngazi.

Niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: mji huu hauwapendi wazee. Hauwachukii pia. Haujawaona.

Na Barasa. Asubuhi anabeba kiti cha plastiki hadi kwenye geti la ploti na kukaa. Anawauliza wapangaji wanaenda wapi na watarudi saa ngapi. Jana alimzuia fundi wa stima mpaka mwenye nyumba akapigiwa simu. Watu wameanza kulalamika, kwa heshima. Nilimwangalia kupitia dirishani na nikamwonea huruma. Thika ina kila kitu changu na haina chake hata kimoja.

Sipendi kwamba nimeandika hilo. Ni kweli, basi.

Ijumaa, 14 Februari

Niko Mwiki, kule Ruiru, kwa binti yetu Doreen. Tulikuja sote jana. Barasa alikunywa chai, akabariki watoto, akarudi Thika kabla ya giza. Baba halali kwa binti aliyeolewa, hata kama binti huyo anakaa ghorofani na godoro la wageni liko tayari. Mkwe wetu alimbembeleza. Alikuwa anapoteza pumzi.

Doreen ana mpango wake. "Mum, Thika si place ya wazee. Kujeni hapa. Kuna bedsitter ground floor hapo nyuma, nimeshaongea na caretaker." Anatupenda. Pia anahitaji mtu wa kuwachukua watoto shuleni. Yote mawili ni kweli na sijakasirika. Watoto wananiita shosh, yaani bibi, na wananipanda kama mti.

Lakini nimekaa hapa siku nzima nikisikia honi na maspika ya maduka, na sikumsikia mtu hata mmoja akiimba kwa mdomo wake. Labda wako. Labda ni mimi sijui mlango.

Doreen akaniuliza wakati tunachagua mchele: "Na wewe mwenyewe unataka nini?" Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Nikasema nataka Jumatano. Akadhani nimechoka, akanipeleka kulala.

Jumapili, 16 Februari

Nataka kuvunja kitu.

Leo kulikuwa na mhubiri mgeni. Akasema wastaafu wote wasimame wasalimie kanisa. Wazee wengine walisimama, wakasema Bwana asifiwe, wakakaa. Barasa akaomba maiki. Nilijua. Mtu huyu nyumbani ukitaka kumtoa maneno lazima umkamue, lakini mpe maiki uone.

Akashukuru kanisa kwa miaka yote. Akashukuru Mungu kwa kiwanda. Akasema kazi imekwisha, na yeye na Mama Doreen wanarudi nyumbani Kimilili mwisho wa mwezi, na kanisa liwaombee safari njema.

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akainuka hapo hapo akasema hatutawaacha waende mikono mitupu, Jumapili ya kwanza ya Machi ni siku ya kuwaaga. Akina mama wa ushirika wa kanisa wakaanza kunong'onezana. Mimi niko mbele kabisa, nimevaa joho la kwaya, kanisa lote linanitazama nitabasamu. Nikatabasamu.

Kanisa letu likishakuaga umeagwa. Hakuna anayepewa blanketi na maombi ya kuwekewa mikono kisha aonekane sokoni wiki inayofuata akinunua sukuma wiki. Barasa anajua hivyo. Ni mzee wa kanisa.

Jumatatu, 17 Februari

Sijasema naye. Nimempikia, kwa sababu hata mimi nala.

Jumanne, 18 Februari

Wambui amekuja, rafiki yangu mwenye kibanda cha mboga Kiganjo, soprano wa kwaya yetu. Alikuja akilia tayari. "Ngai, Mama Doreen, mbona hukuniambia?" Nikamwambia na mimi nimesikia siku ile ile aliyosikia yeye. Akaacha kulia. Akakaa kwenye mtungi. "Atĩ nini?"

Nikamwambia yote. Akataka kwenda kwa mchungaji sasa hivi na aproni yake. Nikamzuia. Ningemwambia mchungaji nini? Kwamba mzee wa kanisa amesema uongo kwenye maiki? Barasa angekufa kwa aibu. Na si uongo kwake. Moyo wake ulishapanda basi kitambo, ulikuwa unangoja miguu.

Wambui akasema, basi nenda naye, ni mume wako. Kisha akasema, basi usiende, ni maisha yako. Kisha akasema hajui. Tukanywa chai. Ndiyo sababu nampenda, hajifanyi anajua.

Kwao Kimilili mke akibaki mjini wanasema ameachwa, au ameacha. Neno la tatu hawana.

Alhamisi, 20 Februari

Jana sikwenda mazoezini. Niliambiwa kwa upole nisije, kwamba mazoezi hayapo. Yalikuwepo. Nilipita barabarani jioni, nikasikia. Wanafanya wimbo mpya, wa kutuaga, Karanja ameutunga mwenyewe. Soprano safi. Tenor safi. Alto balaa tupu. Walianza vizuri na kufikia katikati wote walikuwa wamehamia soprano.

Leo asubuhi Karanja amebisha mlango. Hakuweza kuniangalia. Akazunguka weee, akauliza habari za afya, akasifu mapazia, mwisho akasema, "Mama, kuna wimbo. Ni siri. Ni wako. Lakini alto hawaushiki."

Amekuja kuniomba nifundishe alto wimbo wa kuniaga mimi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, kwa woga. Kisha nikakasirika tena. Kisha nikachukua ile karatasi ya noti za sol-fa nikaisoma. Kijana ana kipaji. Sehemu ya alto ni nzuri kuliko soprano, inashuka mahali ambapo hukutegemea na kubaki huko chini, peke yake, wengine wakiwa wameondoka. Nikamwambia nitakuja.

Jumamosi, 22 Februari

Nimefundisha. Wanawake walikuwa wananikwepa macho. Maneno yenyewe ni nenda mama, nenda baba, nyumba yenu yawangoja. Nikawaimbia mstari kwa mstari, nenda mama, nikiwa nimesimama hapo hapo. Mmoja akatoka nje kujipangusa. Nikamwita arudi, hajashika noti ya tatu.

Nilipofika nyumbani Barasa alikuwa amepika. Ugali mgumu wa mlinzi. Akaniambia bila kuniangalia: "Niliona unafurahi."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Kule kwa picha. Na ukitoka kwaya. Mwezi ulikuwa unaenda upande wako. Niliogopa."

Kwa hivyo akauwahi mwezi kabla haujaisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa wiki nzima na hapo ukaniishia mkononi. Bado nina hasira, ila sasa ina mahali inapouma.

Akasema hapa yeye ni mzee wa kiti cha plastiki. Kwao ana ng'ombe, mpaka wa shamba wa kubishania, wazee wa kukaa nao. Anasema kweli. Nimeenda huko kila Desemba. Huko yeye huamka anapiga mluzi. Huko mimi ni mke wa Barasa, nachota, napika, nasikiliza mashemeji wakizungumza juu ya ng'ombe. Kanisa lao lina kwaya ya vijana tu. Mama wa umri wangu wanakaa nyuma na kupiga makofi.

Tulikula. Hakuna aliyeshinda.

Alhamisi, 27 Februari

Nimeenda kutazama mchezo wa kuigiza, peke yangu, ghorofa ya juu kabisa. Nilipumzika kila ngazi zinapopinda. Vijana waliigiza habari za familia inayogombea shamba. Mtoto wa Kiganjo aliyeigiza bibi kizee alikuwa anakosea namna ya kuinuka kitini. Mtu mwenye magoti mabovu haanzi na magoti, anaanza na mikono. Baadaye nikamwambia. Akanifanya niinuke mara nyingi akinitazama. "Shosh, rudia hiyo, iko fiti." Wakaniambia nirudi wiki ijayo.

Wiki ijayo nitakuwa nimeagwa.

Masanduku mawili yamefungwa. Cherehani yangu bado. Kila nikiigusa naiacha. Ninaweza kushona majoho ya kwaya zote za Thika na nikala. Ninaweza pia kuifunga kwa kamba ikaenda Kimilili kukaa chini ya dirisha lisilo na pazia. Silali vizuri. Nakunywa maji, nainuka, nakaa. Barasa ananiuliza nina nini. Hajui kweli, au anajua.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umekwisha. Sijaamua. Doreen amepiga simu kusema atakuja kesho na watoto na keki. Nimepiga pasi nguo ya kitenge. Nimepiga pasi suruali ya Barasa.

Jumapili, 2 Machi

Naandika haraka, bado nimevaa kitenge.

Walituweka mbele kwenye viti viwili vilivyofungwa vitambaa vyeupe, kama maharusi. Doreen na watoto safu ya pili. Mama wa ushirika walikuja wakicheza na blanketi, wakamfunika Barasa. Joto la Machi na blanketi zito, jasho linamtiririka, na uso wake unang'aa. Sijamwona hivyo tangu Doreen azaliwe. Leso ya kunipa mimi ilikuwa bado mikononi mwa Mama Mchungaji, mke wa mchungaji, naye alikuwa anangoja wimbo uishe ndipo anifunge.

Kwaya wakasimama. Karanja akatoa noti. Ubeti wa kwanza, vizuri. Ubeti wa pili, pale pa kushuka, nikasikia. Alto mmoja akayumba. Wa pili akamfuata. Karanja akawaangalia kwa macho ya kuomba. Wambui, soprano huyo, naye alikuwa analia na haimbi.

Sikuamua. Ni miguu. Niliinuka kwenye kile kiti, nikavuka, nikaingia katikati ya alto na kushika ile noti ya chini. Wakarudi mmoja mmoja. Tukaishusha pamoja, tukabaki nayo huko chini mpaka mwisho.

Ndipo nikainua macho. Kutoka pale nilimwona Barasa mbele yetu, amefunikwa blanketi, na kiti kitupu kando yake. Nikajua kwamba nimeshaamua, na kwamba tumemwimbia yeye.

Mama Mchungaji akaniita na leso. Mchungaji akaniita kwenye maiki. Nikasema kutoka pale pale: "Mchungaji, muage Baba Doreen. Mimi niko kwa alto."

Nilisikia feni. Mchungaji akampelekea Barasa maiki, maskini, akitafuta pa kujishika. Barasa akaishika. Akanitazama muda mrefu. Akamrudishia mchungaji.

Nimemwaibisha. Najua. Na ningefanya tena.

Jumanne, 4 Machi

Doreen amelia, amekasirika, ameniita mkaidi, kisha ameuliza kama nitahitaji mtu wa kunibebea cherehani kwenda kwenye chumba kidogo cha mtu mmoja. Mama wa ushirika wamegawanyika. Mchungaji amekuja, ameomba, hakujua aombe nini.

Jana jioni Barasa alifungua sanduku, akatoa nguo zangu moja baada ya nyingine, akazirudisha kabatini. Alizikunja vibaya zote. Sikuzigusa.

Usiku akauliza jambo moja tu, nitakwenda lini kumwona. Nikasema Pasaka ikipita, na Agosti, na Desemba yote. Akasema mahindi yatakuwa mabichi Agosti. Nikasema napenda mahindi mabichi. Akasema najua.

Jumamosi, 8 Machi

Ameondoka na basi la asubuhi. Blanketi amelibeba begani, halikuingia sandukuni. Aliniambia nifunge mlango kwa makomeo mawili. Nikamwambia asile nyama za njiani. Ndivyo watu wa umri wetu wanavyoagana.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Landless yote ni matope. Nimezunguka chumba kile kile mara nyingi. Nimefagia palipofagiwa. Nimekosea? Leo sijui. Leo ningempa mtu yeyote jibu lolote.

Jumapili, 16 Machi

Ibada, chai kwa Wambui, kufua soksi. Mvua kidogo.

Barasa amepiga simu jioni. Wamepanda mahindi. Ng'ombe mmoja ana mimba. Wazee walimuuliza mke wake yuko wapi, akawaambia yuko Thika, ana kwaya. Walimcheka. Akasema aliwaacha wacheke.

Nilisikia vyura kwake. Kisha akaniomba nimwimbie ule wimbo, sehemu yangu peke yake, kwa sababu siku ile zilikuwa sauti nyingi na hakuweza kujua yangu ni ipi.

Nikamwimbia, nimeegemea ukuta wa jikoni, simu mdomoni. Alto ikiwa peke yake inasikika kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Nikafika mwisho. Akasema mbona haifanani na wimbo.

Nikamwambia ndivyo ilivyo, inataka na wengine.

Akasema sawa. Akasema imba tena.